Majina Tatu Nyuma ya Sindano Moja

Watoto wangu munaoingia ku hospitali na diplome mukononi, mi niliingia na fagio. Musicheke. Ao mucheke, kisha musikilize, juu ile nataka kuwaambia siyo yangu. Ni ya Mama Suzana, na yeye hakuwa mutu wa kujisifu.

Sijazeeka sana. Niko na miaka makumi ine na kitu, na watoto ine, na mugongo yenye ilikataa kuinua wagonjwa wakati roho yangu bado inataka. Kwa hiyo nimeacha kazi mapema. Sasa niko nyumbani, mutaa wa Kanyosha, nachambua maharagi na kuwaza. Jumapili nyuma ya misa, wasichana wa parokia wanaofanya staje, ile mazoezi ya kazi, ku hospitali wananiuliza: mama, wakati ya vita ilikuwa namna gani mule ndani? Wanataka hadithi ya risasi. Risasi kila mutu hapa iko na yake. Mi nawaambia juu ya sindano.

Kazi yangu ilikuwa kufagia sale, ile wodi ya watoto, na kupitisha maji ya Javeli ya kuua wadudu chini ya vitanda. Vita ikaanza. Waganga, ni kusema wauguzi wetu, wengine wakakimbia, wengine wakauawa, wengine walikuwa wazima lakini barabara ya mutaa yao ilifungwa na asubuhi hawakufika. Ikafika siku tulikuwa na watoto makumi ine, wawili wawili ku kitanda, na muganga moja tu mwenye kusomea. Huyo alikuwa Mama Suzana, shefu wa sale. Mwanamuke mufupi wa Cibitoke, miwani yake imefungwa na uzi, anatembea mbio mpaka tulisemaka magoti yake iko na motere ya gari.

Siku moja alikamata fagio yangu, akaisimamisha nyuma ya mulango, akaniuliza kama najua kusoma. Nikamuambia nasoma Kiswahili ya Biblia, na Kifaransa kidogo, juu niko nafuata masomo ya jioni. Tuliitaka masomo ya jioni, lakini sababu ya kuvre-fe, ile amri ya kutotoka usiku, tulisoma saa tisa ya mchana, jua inatupiga kupitia dirisha. Jina ilikuwa ya jioni, jasho ilikuwa ya mchana. Mama Suzana akasema: "Inatosha kuanza. Haitoshi kumaliza."

Alinifundisha sindano kwa mutumba wa mugomba. Nyinyi muko na mikono ya plastiki ya kujifunzia. Sisi tulikata kipande ya mugomba nyuma ya jikoni ya hospitali. Juu iko ngumu kidogo kama ngozi, ndani iko laini na maji, na ukipindisha sindano mugomba unalia krr, unajua umekosea. Nilichoma mugomba wiki nzima. Mutu wa jikoni alisemaka ile mugomba itapona malariya kabla ya wagonjwa. Kisha Mama Suzana akakunja mukono wa blouse yake, akaniambia nimuchome yeye, maji safi tu. Nikakataa. Nitamuchoma mukubwa wangu namna gani? Akaniambia: "Ukiogopa kuniumiza mi, ni vizuri. Ile woga ubaki nayo, uipeleke kwa mutoto." Nikamuchoma. Akasema nimechelewa kutoa sindano. Nikamuchoma tena ku mukono ingine.

Zile sindano zilikuwa za vioo, tulizichemusha ku jiko ya mafuta ya taa, na zikikosa makali tulizinoa ku jiwe. Glavu tulizifua, tukazianika ku kamba kama soksi ya watoto wa shule, tukazipaka poda. Leo munatupa. Mushukuru Mungu, lakini musidharau, juu yule anayechemusha anajifunza kungojea.

Saa ya mukono sikuwa nayo. Matone ya serumu, ile chupa ya kuingiza dawa ya kinine ku mushipa, niliyahesabu kwa Salamu Maria: moja inaanza, moja inaisha, nahesabu ngapi yameanguka. Nilijiona na akili sana. Mama Suzana akaweka saa yake pembeni, akanisikiliza siku tatu, akacheka mpaka miwani ikaanguka. Akaniambia: "Mama Belise, mutoto akiwa muzima unasali pole pole. Akiwa mahututi unasali mbio kama unafukuzwa na mbwa. Bikira Maria haangalii saa, lakini kinine inaangalia." Kutoka hapo saa yake ilikaa ku musumari katikati ya sale, ya wote. Alinikuta pia siku moja nimefunga macho naomba, na serumu imekauka mbele yangu. Hakunigombeza. Alisema tu: omba macho wazi, Mungu anasikia vilevile.

Sasa niwaambie juu ya kaye, daftari yetu. Ilikuwa kaye ya shule, ya kijani. Kila mutu wa kwetu aliyejifunza kitu, Mama Suzana aliandika: fulani amejua kuweka serumu, amefundishwa na fulani, nimemuona akifanya mara tatu. Yule aliyefundisha anatia saini. Hata mi, nikianza kufundisha wengine, nilitia saini. Na masharti yake yalikuwa moja: mwanafunzi wako akikosea, kosa inapanda. Inatoka kwake inakuja kwako, inatoka kwako inaenda kwa yule aliyekufundisha. Wengine walisema ni kutega watu. Mi niliona ni namna ya kutuheshimu, juu mbele ya pale, mufagiaji akivunja kitu, wanamufukuza yeye peke yake, na wakubwa wanakunywa chai.

Wa kwanza niliyemutilia saini alikuwa Jenerose, musichana wa Musaga, mwembamba, miaka kumi na minane hivi, shule yake ilifungwa akakuja kwetu kufua mashuka. Kifaransa hakujua. Kwa hiyo mi nikamutungia njia. Kinine inakuja mu ampuli, vichupa vidogo vya kioo, na inapimwa kwa kilo za mutoto, lakini mizani yetu ilikufa. Nikamuambia: angalia mutoto kama mama anavyomuangalia. Mutoto wa kubebwa mugongoni, theluthi ya ampuli. Mutoto wa kutembea mwenyewe, nusu. Mutoto wa kutumwa dukani, ampuli nzima. Jenerose akashika kwa saa moja. Wengine nao wakashika. Sale nzima ikawa inasema: huyu ni wa kubebwa, yule ni wa dukani. Mama Suzana alisikia, akaguna, akasema iko njia nzuri kwa siku mbaya, lakini tusome na ampuli. Nikasema ndiyo. Mi nilijua ampuli yetu hata kwa giza. Nisome nini tena?

Njo hapo nilikosea, watoto wangu, na nilikosea nikiwa nafurahi.

Wiki moja dawa iliisha, kisha ikafika boksi ya musaada, sijui kutoka inchi gani. Mi njo niliifungua. Ampuli ukubwa ileile, musitari wa buluu ku shingo ileile. Nikazipanga mu kabati, nikaenda masomo yangu. Asubuhi ile ingine kulikuwa na risasi upande wa juu, barabara ikafungwa, mi nikabaki Kanyosha siku mbili. Jenerose akabaki ndani, hana wa kumupokea zamu, na Mama Suzana iko peke yake kwa watoto wale wote.

Siku hiyo aliingia mutoto anaitwa Dezire, wa miaka mine, na mama yake. Malariya kali. Mutoto wa kutembea: Jenerose akaweka nusu ampuli, kama nilivyomufundisha. Dozi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya tatu barabara ilifunguka, nikafika mbio, navaa blouse nikitembea, na nikakuta Dezire iko baridi, jasho inatiririka, macho imegeuka, mwili unaruka. Mama yake anamushika miguu.

Mama Suzana hakuuliza nani. Alifunga serumu ya kinine na kidole chake, akaita sukari ya serumu ile ya nguvu, juu kinine ikizidi inamaliza sukari ya damu, akaiingiza ku mushipa pole pole, akimuangalia mutoto usoni kama mutu anasoma barua. Mwili ukatulia. Rangi ikarudi kidogo ku midomo. Hapo tu akaenda ku kopo ya ampuli tupu. Kwetu ampuli tupu haikutupwa mpaka mugonjwa atoke, hiyo nayo ilikuwa sheria yake, na nyinyi muishike. Akainua moja, akaisogeza ku miwani, kisha akanipa.

"Soma."

Nikasoma. Zile za zamani ziliandikwa miligramu mia tatu. Hii iliandikwa mia sita. Maandishi madogo kama mayai ya chawa, lakini ilikuwa pale. Nusu ya ile mupya ni nzima ya ile ya zamani. Jenerose hakukosea kitu hata moja. Alifanya kila kitu mi nilimuambia.

Niliwaza watoto wangu ine, niliwaza kazi, na sitawadanganya, kabla ya kuwaza Dezire nilijiwaza mi mwenyewe. Mungu anisamehe.

Direkta wa hospitali akaitwa. Alikuwa mutu muzuri aliyechoka, analala ku ofisi yake sababu nyumba yake ilichomwa. Alisikia yote, akafunga mulango. Akatuambia kwa sauti ya chini: munajua mu mitaa wanasema nini. Wanasema ku hospitali tunaua watoto wa upande ingine. Yule mama ni wa wapi, munajua. Mukimuambia tulimupa mutoto wake dawa mubaya, hataelewa kosa, ataelewa sumu. Kesho watakuja kuvunja mulango, na kuna watoto makumi ine ndani. Muandike malariya kali, mutoto aponeshwe, basi.

Na maneno yake haikuwa ya kijinga. Ile miaka, kwa neno kama hilo watu walikufa. Mi nilitamani Mama Suzana aseme ndiyo.

Yeye alifungua kaye ya kijani ku meza. Akaweka kidole. Akamuuliza Direkta, pole, kama mwalimu: ni nani aliweka serumu? Jenerose. Nani alimufundisha? Mama Belise, saini yake hii. Nani alimufundisha Mama Belise? Mi, saini yangu hii. Kisha kidole ikapanda juu ya jina yake, mahali peupe.

"Na nani aliniacha na watoto makumi ine, nafundisha wafagiaji na wafuaji, barua zangu tatu kwako bila jibu? Hapa hakuna saini, Direkta. Nafasi niliiacha."

Direkta aliangalia ile nafasi. Mama Suzana akaongeza: "Tukificha, ile boksi itabaki mu kabati na jina ya malariya juu yake. Kila mutu ataendelea na nusu yake. Mama yule anaweza kutuvunjia mulango, ni haki yake. Lakini atavunja juu ya kitu ya kweli."

Direkta alitoa kalamu ku mufuko, akatia saini mahali peupe. Kisha akasema: "Nendeni. Mi nitasimama ku mulango wa inje." Na alisimama pale mpaka jioni, mikono nyuma, kama mulinzi wa zamu.

Niwaambie mara moja mwisho ya Mama Suzana, juu munaniulizaka kama mutu wa namna ile alilipwa mema. Miezi nyuma yake wakubwa wa juu walisikia, wakamutoa ku ushefu, wakamupeleka kwenye kufua mashuka. Nilienda kumulilia. Akaniuliza nalilia nini, shuka chafu nayo inaua. Wiki ya pili wafuaji wote walikuwa na kaye yao, wanatiliana saini nani alimufundisha nani kuchemusha. Sijaonaka mutu mwingine anashushwa cheo na kazi inapanda.

Nirudi kwa Mama Dezire. Tulimukuta amekaa chini ku sakafu, kitenge ya kubebea iko mukononi. Shemeji yake alikuwa dirishani anamuhimiza watoke, kuna muzee mwenye dawa ya miti ya kienyeji upande wa kwao. Dezire alikuwa ameamuka, anaangalia dari. Mama yake alimuita jina, hakugeuka. Alimuita tena karibu ku sikio. Hakugeuka. Kinine ikizidi inafunga masikio, mara nyingi inarudisha, mara ingine apana. Sisi tulijua hiyo. Yeye hakujua.

Na jambo ilikuwa hii, muielewe vizuri: akitoka na mutoto, malariya bado iko mu damu, na bila dozi zenye zimebaki, zenye kupimwa sawa, Dezire hafiki Jumapili. Akibaki, ni lazima atuamini sisi wenyewe, na dawa ileile.

Mama Suzana naye akakaa chini, ku sakafu, akakunja miguu.

"Mama, mutoto wako tulimupa dawa mara mbili ya ile alipaswa kupewa. Siyo malariya njo ilimuangusha leo. Ni sisi."

Mwanamuke wa kitanda ya pembeni aliacha kunyonyesha. Mama Dezire aliuliza pole pole, bila kuinua macho: "Mulifanya juu ya mi ni wa upande gani?"

"Apana. Tulifanya juu hatukusoma." Akamupa ile ampuli tupu mukononi. "Kosa iko na jina yangu kwanza. Mi njo mukubwa wa hapa."

Nikasema na yangu. Mi njo nilifungua boksi, mi njo nilifundisha bila kusoma. Kisha Jenerose, alikuwa nyuma yangu, anatetemeka mpaka meno inalia, akasema: "Mi njo niliweka, mama."

Mama Dezire akamuangalia kutoka miguu mpaka kichwa. "Huyu njo munaita muganga? Dada yangu mudogo anayeuza samaki ndogo za ndagala iko na mwili kuliko yeye." Ilikuwa kweli. Shemeji dirishani akasema, unaona, wamekubali wenyewe, toka. Mama Dezire akamuambia anyamaze, anasikiliza. Aligeuza ampuli mu vidole, akauliza ile ya sawa ilikuwa namna gani, ni mambo gani yameandikwa pale, mbona sukari iliwekwa. Mama Suzana akajibu kila kitu, na mahali hakujua alisema sijui. Kuhusu masikio akasema: "Nafikiri itarudi. Sikuapii."

Siku ile hakutoka. Lakini kitenge hakuiweka chini.

Kesho yake dokteri wa hospitali nzima, mwenye alifikaka kwetu mara moja kwa wiki, alipita, akasema dozi inaendelea, akaandika kipimo yake. Mi usiku wote nilikuwa nimesali, macho wazi. Saa ya dawa ikafika. Mama Suzana akaenda mbele ya Mama Dezire na mikono imeoshwa, akamuomba ruhusa, akasema ataweka yeye mwenyewe, hakuna mwingine.

Mama Dezire akakataa. Tulifikiri njo mwisho.

"Siyo we," akasema. "Mukono yako haitetemeki, umezoea. Mutu aliyezoea njo hasomi." Akainua kidevu upande wa Jenerose, alikuwa amejificha kwa mulango na beseni ya mashuka. "Aweke yule. Na asome mbele yangu."

Jenerose aliniangalia. Nilitaka kumuambia atoke, nifanye mi. Mama Suzana akanigusa mukono, nikarudi nyuma.

Akanawa. Akachukua ampuli, akapiga magoti mbele ya Mama Dezire, akaishika ku mwanga wa dirisha, akaanza kusoma. Kifaransa alikuwa hajui bado, alisoma herufi moja moja, kama mutoto wa mwaka wa kwanza: mahali sisi tunaandika K kulikuwa Q, akasema Q. Akasoma jina ya dawa, akasoma mia sita, akasoma tarehe ya kuisha, akasoma mpaka alama za kiwanda zenye hakuna mutu anasomaka. Mama Dezire hakujua kusoma hata jina yake. Aliangalia mudomo ya Jenerose tu, haachi.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Soma tena. Kwa nguvu."

Jenerose akaanza tena, sauti inapanda, herufi moja moja, sale nzima inasikiliza. Alipofika ku namba, Dezire, alikuwa analala ameangalia ukuta, akageuza kichwa pole pole upande wa ile sauti.

Mama yake akaona. Sisi wote tukaona. Jenerose hakusimama, aliendelea kusoma mpaka alama ya mwisho. Hapo Mama Dezire akaweka kitenge chini, akamukunjua mutoto mukono, akausogeza kwa Jenerose.